Don Bennett na Hesabu ya Upepo

Huko Toowoomba, katika jimbo la Queensland nchini Australia, Nyota ya Kaskazini haionekani hata usiku mmoja wa mwaka. Mji uko nyuzi 27 na nusu kusini ya ikweta, na nyota ile hubaki imezama chini ya upeo wa macho. Donald Clifford Tyndall Bennett alizaliwa huko tarehe 14 Septemba 1910, akakulia chini ya Msalaba wa Kusini. Ilimbidi ajifunze anga la upande wa pili wa dunia akiwa tayari mtu mzima, na akalijua kuliko wengi waliozaliwa chini yake. Huyo ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha kupima njia angani ambacho marubani walikitumia kwa miongo kadhaa, na ndiye aliyeongoza kikosi kilichozitangulia ndege za Uingereza usiku juu ya Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe, na Don alikuwa kitinda mimba wa wavulana wanne. Alisoma Brisbane, hakwenda chuo kikuu, akafanya kazi za mifugo kwa muda, kisha Julai 1930 akajiunga na jeshi la anga la Australia na kufundishwa urubani Point Cook, karibu na Melbourne. Mwaka uliofuata akahamia jeshi la anga la Uingereza. Huko akapangiwa ndege za majini, zile kubwa zenye tumbo kama la mashua, zinazoruka kutoka baharini na kutua baharini. Naona hapo ndipo bahati yake ilipokuwa. Rubani wa nchi kavu aliweza kufuata reli, mto au barabara. Rubani wa ndege ya majini akishaiacha pwani hana cha kufuata. Ana dira, saa, ramani na akili yake.

Bennett akaamua kuisoma kazi hiyo hadi mwisho wake. Akafanya mitihani ya daraja la kwanza la wasoma ramani wa anga, cheti ambacho siku zile walikuwa nacho watu wachache mno duniani. Agosti 1935 akamwoa Elsa Gubler, binti wa Kiswisi aliyeitwa Ly na wote waliomjua, na mwaka 1936 kikachapwa kitabu chake, *The Complete Air Navigator*. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 25 au 26. Wakati huo alikuwa ameshaacha jeshi na kuingia Imperial Airways, kampuni ambayo mwaka uliofuata ndege zake za majini zilianza kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban.

Ili kuiona thamani ya kazi ya mtu huyu, lazima tuketi kidogo mezani pake.

Ndege ikiwa juu ya mawingu usiku, rubani wa siku zile anajua mambo mawili tu kwa uhakika: pua ya ndege inaelekea wapi, na ndege inakata hewa kwa mwendo gani. La kwanza anaambiwa na dira, la pili na kipima mwendo. Yote mawili hayamwambii yuko wapi, kwa sababu hewa yenyewe inasafiri. Avukaye mto kwa mtumbwi huelekeza omo juu ya pale anapotaka kufika, ili mkondo umshushe mahali penyewe. Tofauti ni kwamba mvukaji mto anauona mkondo na anaiona ng'ambo. Aliyeko angani haoni kimoja wala kingine. Chukua ndege inayokwenda kilomita 350 kwa saa, upepo ukiisukuma kutoka ubavuni kwa kilomita 80 kwa saa. Baada ya saa tatu, pua ikiwa imenyooka vilevile bila kosa, ndege imepotea njia kwa kilomita 240, na ndani yake hakuna aliyehisi chochote. Hakuna mtikisiko. Chai ndani ya kikombe haichezi.

Kwa hiyo msoma ramani huchora pembetatu. Upande mmoja ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, upande wa pili ni upepo, na wa tatu ndio njia halisi juu ya ardhi. Ukijua pande mbili, ya tatu unaipata kwa rula na penseli. Mwanafunzi huelewa hesabu hiyo kwa asubuhi moja. Ugumu uko kwenye upande wa pili, kwa sababu upepo hubadilika kila unapopanda juu, kila unapovuka mpaka wa hali ya hewa, na mara nyingi haufanani na ule uliotabiriwa jioni na watu wa hali ya hewa. Msoma ramani anaukamata kwa kuviziavizia. Juu ya bahari alidondosha chombo kidogo kinachowaka kikigusa maji. Mpiga mzinga wa mkiani akaulenga ule mwali kwa bunduki zake, kisha akasoma kwenye kipimo cha kiti chake kinachozunguka ni nyuzi ngapi mwali umeachwa pembeni ya mkia. Akazitamka nyuzi zile kwenye simu ya ndani. Mezani zikaandikwa, na kutoka humo ukapatikana upepo wa dakika ile.

Kisha zipo nyota. Kila nyota, kila nukta ya muda, iko utosini pa mahali pamoja tu duniani. Vitabu vya majedwali vinaonyesha mahali hapo ni wapi kwa kila saa na dakika ya kila siku. Ukipima pembe ya nyota kutoka upeo wa macho, umepima umbali wako kutoka mahali hapo, na unaweza kuchora mstari kwenye ramani ukasema: niko mahali fulani juu ya mstari huu. Nyota ya pili inakupa mstari wa pili, na pale inapokatana ndipo ulipo. Wenye kazi yao huongeza nyota ya tatu, na mistari mitatu karibu kamwe haikutani kwenye nukta moja. Huacha katikati yake pembetatu ndogo. Udogo au ukubwa wa pembetatu hiyo ndio ushahidi wa jinsi ulivyopima, na hakuna anayeweza kuuficha, maana umo kwenye karatasi.

Mabaharia walipima nyota kwa karne nyingi, lakini baharia ana upeo wa macho na sitaha isiyokimbia. Angani usiku hakuna upeo, kwa hiyo sekstanti ya ndege ina pulizo dogo la hewa ndani ya kimiminika, kama lile la kipimasawa cha fundi mwashi, na pulizo hilo ndilo linaloshika nafasi ya upeo wa bahari. Ndege ikiinama kidogo tu, pulizo linadanganya. Basi msoma ramani husimama na kichwa chake ndani ya kuba la plastiki juu ya mgongo wa ndege, anamwomba rubani ashike mstari bila kuyumba, anaishika nyota ndani ya pulizo kwa dakika mbili nzima, na chombo kinamtolea wastani wa vipimo vyote. Baridi ni kali kiasi cha kuganda vidole. Kosa la nyuzi moja iliyogawanywa mara 60 ni maili moja ya baharini, meta 1,852. Kosa la sekunde 4 kwenye saa, kwa aliyeko karibu na ikweta, ni maili nyingine kama hiyo. Pamoja na taabu yote, mtu aliyejipata ndani ya kilomita 15 za mahali alipo kweli alikuwa amefanya kazi nzuri.

Ninaloliheshimu zaidi kwenye kazi hii ni adabu yake. Msoma ramani mzuri hukaa muda wote akiuliza kosa lake lina ukubwa gani, na anaandika jibu kwa penseli pale ambapo mwenzake anaweza kulisoma. Mambo hayo mawili, kulipima kosa na kuliacha wazi, Bennett aliyafundisha maisha yake yote, na aliyafundisha kwa ukali.

Dunia ilimjua mwaka 1938. Mtindo wa wakati ule ulikuwa kutafuta namna ya kuvuka Atlantiki bila kutua, na mhandisi mmoja wa Imperial Airways, Robert Mayo, alibuni jambo la ajabu: ndege ndogo ya majini iitwayo Mercury ibebwe mgongoni na ndege kubwa iitwayo Maia. Mercury ikijazwa mafuta ya safari nzima ilikuwa nzito mno kuruka yenyewe kutoka majini. Maia ikaipandisha hewani, injini nane zikinguruma kwa pamoja, kisha zikaachana. Tarehe 20 Julai 1938, kutoka Foynes huko Ayalandi, Bennett akaiachia Maia na kushika njia ya magharibi. Ndani walikuwa wawili tu, yeye na mtu wa redio, A. J. Coster. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kusoma ramani. Bennett alirusha ndege na kupima njia mwenyewe, akielekea magharibi, uelekeo ambao marubani wa Atlantiki waliuogopa kwa sababu pepo zake huvuma usoni. Baada ya muda wa saa 20 na dakika 21 alitua karibu na Montreal, Kanada, akiwa na magazeti na filamu za habari. Ilikuwa mara ya kwanza ndege yenye mabawa kuvusha mzigo wa biashara Atlantiki ya Kaskazini.

Oktoba mwaka huohuo, akiwa na Ian Harvey, aliondoka Dundee huko Uskoti na kuikata Afrika kutoka kaskazini hadi kusini. Nia ilikuwa Cape Town. Mafuta hayakufika, akatua kwenye mlango wa mto Orange, baada ya kuwa hewani muda wa saa 42 na kuvuka zaidi ya kilomita 9,600. Ikawa rekodi ya dunia ya ndege za majini. Fikiria saa 42 za kupima upepo, kwanza wa Ulaya, halafu wa Sahara, halafu wa misitu ya ikweta, nyota za kaskazini zikizama nyuma ya mkia na zile za utotoni mwake zikipanda mbele ya pua.

Vita vilipokuja vilikuta jeshi la anga la Uingereza halijui hasa liko wapi usiku. Agosti 1941 ilitoka taarifa ya ndani iliyoandaliwa na D. M. Butt, aliyechunguza picha zilizopigwa na ndege zenyewe wakati wa kuachia mabomu. Kati ya ndege zilizodai kuwa zimeshambulia shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyokuwa imefika ndani ya kilomita 8 za mahali penyewe. Vijana walikuwa wakifa kwa kupiga mashamba. Urubani wao haukuwa na kasoro, na ushujaa walikuwa nao. Kilichokosekana ni hesabu ya upepo.

Bennett alirudi jeshini mwaka huo, na Aprili 1942 alikuwa mkuu wa Skwadroni ya 10 yenye ndege aina ya Halifax. Usiku wa tarehe 27 alikwenda kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz iliyojificha katika ghuba nyembamba karibu na Trondheim, Norwe. Ndege yake ikapigwa na kushika moto. Aliwaamuru watu wake waruke, akabaki kuishikilia hadi walipotoka, kisha akaruka mwenyewe ikiwa chini sana, akaangukia kwenye theluji. Akakutana na mtu wake wa redio, na wawili hao wakavuka milima kwa miguu, wakisaidiwa na raia wa Norwe waliohatarisha maisha yao, hadi wakaingia Uswidi, nchi isiyokuwa upande wowote.

Ly wakati huo alikuwa na watoto wao wawili, wa kike na wa kiume, wote wadogo. Kwa familia za wanahewa, habari ya namna hii ilikuwa na maneno machache: ndege haikurudi. Haisemi amekufa, haisemi amepona. Mke au mama anabaki na neno hilo moja, "hajulikani alipo", na kwa mke wa mtu aliyeandika kitabu kizima cha kujua mahali ulipo, neno hilo lilikuwa na uchungu wa aina yake. Ly alibahatika. Ndani ya majuma machache mumewe alikuwa amesharudi Uingereza. Huko Australia, safari ya siku nyingi kwa meli, maelfu ya nyumba zilipokea habari ileile, na nyingi kati yake hazikupata habari ya pili yenye heri.

Julai 1942 Bennett alikabidhiwa kazi iliyolingana naye kuliko mtu yeyote jeshini: kuunda kikosi cha watangulizi, Pathfinder Force, kitakachofika kwanza, kitafute shabaha na kuiwekea alama za moto wa rangi ili wengine walenge hapo. Usiku wa kwanza, tarehe 18 Agosti 1942, walikwenda Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani. Upepo haukuwa ule uliotabiriwa. Kikosi kikasukumwa kaskazini, na mabomu mengine yakaangukia Denmark. Nimesoma habari za vikosi vingi vya vita, na sijui kingine kilichofundishwa somo lake kwa uwazi namna hiyo siku ya kwanza.

Bennett akakaza kamba. Ndani ya ndege ya mabomu aina ya Lancaster, msoma ramani aliketi nyuma ya rubani, amefunikwa na pazia ili taa yake ndogo isionekane nje. Wengi wao hawakuwahi kuutazama mji wowote walioushambulia. Waliijua vita kama kelele, mtikisiko, harufu ya mafuta na karatasi iliyoangaziwa. Kwa watangulizi, kazi iligawanywa vipande vya dakika 6. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo mwendo wowote unapatikana kwa kusogeza nukta tu, jambo la maana kwa kichwa kilichochoka na mikono yenye glavu. Kila dakika 6: mahali, upepo, uelekeo mpya, muda wa kufika. Ukimaliza unaanza tena, kwa saa sita, saba, nane.

Tena hawakutakiwa kufika mahali tu. Walitakiwa kufika kwa wakati, ndani ya dakika moja au chini yake, kwa sababu nyuma yao ulikuwa unakuja msururu wa ndege mia kadhaa gizani. Aliyewahi alitafuta namna ya kupoteza muda bila kupoteza njia, na hila waliyotumia bado inanipendeza. Unageuka nyuzi 60 kutoka njia yako, unakwenda dakika moja. Unageuka nyuzi 120 kurudi, unakwenda dakika moja nyingine. Umechora pande mbili za pembetatu iliyo sawa kila upande, na sasa uko tena juu ya mstari wako. Ungenyooka ungetumia dakika moja, umetumia mbili. Dakika moja imetoweka, na hakuna aliyekosea njia. Ukitaka kupoteza dakika tatu, kila upande uwe wa dakika tatu.

Mbinu zao za kuweka alama zilipewa majina ya miji: Newhaven ya Uingereza kwa alama za chini zilizowekwa kwa macho, Parramatta ya Australia kwa alama za chini zilizowekwa kwa rada, Wanganui ya New Zealand kwa mienge iliyoning'inia angani pale mawingu yalipoifunika ardhi. Vyombo vipya vilikuja pia: mawimbi ya redio ya Gee, rada ya H2S iliyochora mito na pwani kwenye kioo, na Oboe, ambayo iliiongoza ndege kwa vituo viwili vilivyoko Uingereza. Bennett alivipokea vyote kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa kuabudu sekstanti. Lakini hakuruhusu chombo chochote kiondoe penseli mezani.

Sababu yake ilionekana usiku wa tarehe 24 Machi 1944, usiku ambao wanahewa wenyewe waliuita usiku wa upepo mkali. Ndege 811 ziliondoka kwenda Berlin. Wakati huo kulikuwa na utaratibu mzuri: wasoma ramani wachache walioaminiwa walipima upepo njiani na kuupeleka Uingereza kwa redio, makao makuu yakachukua wastani na kuutangaza kwa ndege zote. Usiku ule upepo wa kaskazini ulizidi kilomita 160 kwa saa. Wapimaji walipoiona namba ile kwenye karatasi zao hawakuiamini. Hakuna aliyewahi kuukuta upepo wa namna hiyo. Baadhi wakaipunguza kabla ya kuituma, kwa hofu ya kuonekana wamekosea. Waliozipokea wakaziona bado ni kubwa mno, wakazipunguza tena. Upepo uliotangazwa ukawa si ule uliokuwa ukivuma, na ndege zikasukumwa kusini bila kujua, nyingi zikapita juu ya mizinga ambayo njia ilikuwa imepangwa kuikwepa. Ndege 72 hazikurudi. Kila mmoja wa wapimaji wale alijua kuchora pembetatu, na alikuwa ameichora sawasawa. Alichopungukiwa ni ujasiri wa kuitii karatasi yake.

Ni lazima niseme pia kazi hii ilitumika kufanya nini. Alama zikianguka mahali sahihi, mji uliwaka. Hamburg, mwishoni mwa Julai 1943, ilipoteza watu wapatao 40,000 kwa juma moja, wengi wao raia, wanawake, wazee na watoto waliokosa hewa ndani ya mahandaki. Usahihi wa penseli na moto ule ni mnyororo mmoja, na anayeisifu penseli hana haki ya kuukata. Bennett mwenyewe hakuwahi kuomba radhi kwa vita ile. Aliamini Ujerumani ya Hitler haikuwa na njia nyingine ya kushindwa. Mimi naweza kuuheshimu ufundi wake wote na bado nikashindwa kuisoma orodha ya waliokufa Hamburg bila kuinamisha kichwa.

Wanahewa nao walilipa. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 kati ya takribani 125,000 waliorushwa. Waaustralia waliokufa humo walikuwa 3,486. Wale wasiopatikana makaburi yao wameandikwa ukutani Runnymede, karibu na London, miongoni mwa majina zaidi ya 20,000. Wengi walikuwa na miaka ishirini na kidogo, wamefundishwa kupiga nyota katika shule kama zile za Parkes na Nhill, mashambani Australia, kisha wakavuka bahari kwenda kuifanya kazi hiyo chini ya nyota ambazo mama zao hawakuwahi kuziona. Bennett alipandishwa hadi cheo cha Air Vice-Marshal akiwa na miaka 33, mdogo kuliko wote waliowahi kukishika katika jeshi la anga la Uingereza. Baada ya vita hakupewa uungwana wa kuitwa Sir waliopewa makamanda wenzake. Alikuwa mtu asiyejua kubembeleza wakubwa. Alifariki Septemba 1986, akiwaacha Ly na watoto wao wawili. Ndoa ilikuwa imedumu miaka 51.

Ningeulizwa nichague safari moja inayoonyesha alichokuwa nacho mtu huyu, nisingechagua rekodi ya mto Orange wala usiku wowote juu ya Ujerumani. Ningechagua ile ya Novemba 1940. Uingereza ilikuwa inazihitaji ndege zilizotengenezwa Marekani, na meli zilizozibeba zilikuwa zinazamishwa. Bennett alikuwa kwenye shirika la kuzivusha kwa kuzirusha, wakati ambapo wataalamu wengi waliona kuvuka Atlantiki ya Kaskazini majira ya baridi ni sawa na kujiua. Ndege saba aina ya Hudson zilikusanywa Gander, katika kisiwa cha Newfoundland. Wasoma ramani wa kutosha hawakuwapo. Mpango ukawa ndege sita zimfuate Bennett gizani, zikiangalia taa zake.

Hakuutegemea mpango huo peke yake. Kabla ya kuondoka alimwandalia kila rubani hesabu yake kamili: uelekeo, muda, upepo wa kutarajia, ili kila mmoja aweze kufika hata akibaki peke yake. Waliruka usiku wa tarehe 10. Katikati ya bahari wakakuta mawingu mazito, wakapanda juu kuyakwepa, na msafara ukavunjika. Kila ndege ikajikuta haina wa kumfuata isipokuwa karatasi iliyo mkononi mwa rubani wake. Asubuhi ya tarehe 11 zilitua Aldergrove, Ayalandi ya Kaskazini, moja baada ya nyingine. Zote saba. Kwa namna hiyohiyo ya kurushwa, hadi vita vinakwisha, zilivushwa ndege zaidi ya 9,000.